Nungu wa Mfalme na Kipini cha Mama Saumu

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, nyumbani kwetu Timbwani, upande wa Likoni, kulikuwa na mnyama wa dhahabu. Nasema hivi bila kuongeza, na wanaonijua watashangaa, kwa sababu mimi nikisimulia jambo halibaki na ukubwa wake. Mvua ya dakika tano kwangu hubomoa nyumba tatu. Lakini mnyama alikuwapo. Alikuwa nungunungu, mkubwa kama ngumi ya mtu mzima, miiba imelala mgongoni kama nywele zilizochanwa vizuri, na alikaa ndani ya sanduku la Bibi, amefungwa katika kipande cha kanga kuukuu pamoja na karafuu na vijiti vya udi.

Mtaa mzima ulijua kwamba yumo. Waliowahi kumwona walikuwa wachache. Aliyekuwa akimshika ni Bibi peke yake.

Alikuja na Babu. Babu alikuwa mpishi wa meli za mizigo, akiizunguka Afrika kwa upande wa chini mpaka bandari ya Takoradi, katika nchi ambayo siku hizi ni Ghana. Mimi sikumkuta Babu, nilizikuta hadithi zake kwa Bibi. Hadithi kubwa ilikuwa hii. Katika safari moja alipanda kijana wa ukoo wa kifalme wa Waasante, kabila la huko, naye bahari ikamkataa. Siku sita hakuna chakula kilichokaa tumboni mwake ila uji wa mchele wa Babu, uliotiwa iliki. Aliposhuka, ili kumshukuru, akamfungulia kilemba cha baba yake na kumtolea nungu aliyekuwa ameshonewa pale mbele, kwenye paji la uso. Kwa Waasante, nungu ndiye alama yao, alisema Bibi.

Na wafalme wa Waasante, alisema tena, hupambwa kama biharusi wetu. Huvishwa bangili kutoka kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, mkono ukawa hauinuki, hata lazima mtu akae pembeni amshikilie. Pete zao zina ukubwa wa limau, na juu ya pete kuna chura, kuna samaki, kuna ndege. Makubadhi yao yana dhahabu. Kifuani kwa watumishi wao kuna sahani ya dhahabu inayoilinda roho ya mfalme isichafuke. Na kipo kiti cha dhahabu ambacho hakuna anayekikalia, hata mfalme mwenyewe. Huwekwa mahali pake, kikaheshimiwa, basi.

Mimi niliyachukua haya yote nikayapeleka bombani, tulikokuwa tukipanga foleni ya maji, nikayauza kwa watoto wenzangu kwa bei ya kuruhusiwa kuchota kwanza.

"Huyo mfalme ni mwanamume?" aliniuliza mmoja.

"Mwanamume, na ndevu mpaka hapa."

"Na avaa dhahabu? Wallahi ataungua huyo!"

"Si Muislamu."

"Hata! Mwanamume na bangili?"

Kwetu mwanamume havai dhahabu. Hili mtoto hulijua kabla hajajua kuhesabu. Dhahabu ni ya wanawake. Mwanamume kazi yake ni kuileta nyumbani na kuangalia pembeni. Nakuomba msomaji ulishike jambo hilo, maana baadaye nitalihitaji.

Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Bibi alimtoa nungu kumfukiza. Kazi yangu ilikuwa kuleta makaa yaliyokwisha kushika moto na kuyatia katika chetezo. Bibi alinyunyiza ubani, akamfungua yule mnyama nusu, akampitisha juu ya moshi mara tatu, akamfunga tena.

"Mke mwenzangu," aliniambia, kwani ndivyo alivyoniita, nami niliona fahari kuwa mke mwenza wa mtu mzima, "huyu usimguse."

"Abee, Bibi."

"Ana mwenyewe. Ukimgusa atajua. Na motoni asiingie kabisa, moshi tu. Siku atakayoingia motoni atageuka mkaa, na aliyemtia atalia."

Hilo halikunishangaza. Pwani nzima ilijua kwamba mali yenye mwenyewe, ukiichukua kwa nguvu, unalala nayo dhahabu na kuamka nayo mkaa. Kila mtaa ulikuwa na mtu wake aliyepata chungu cha sarafu shambani, akakuta asubuhi vigae. Sisi tulikuwa na wawili.

Lakini mimi nilikuwa mimi. Alhamisi moja mtu alibisha hodi, Bibi akaenda mlangoni, na mazungumzo ya mlangoni kwetu hayakuwa mafupi. Nikanyoosha mkono nikamnyanyua nungu.

Alikuwa mwepesi. Mwepesi kama kifuu cha nazi kilichokauka juani.

Nilimrudisha upesi, na sikushangaa, kwa sababu sikuwa na cha kulinganisha naye. Masikioni mwangu mlikuwa na vipande vya njiti za ufagio vya kuzuia matundu yasizibe. Mamangu alifanya kazi hotelini Shanzu, akija nyumbani kila baada ya wiki mbili, na dhahabu yake ilikuwa mkufu mmoja mwembamba kama uzi. Nilidhani basi ndivyo dhahabu ilivyo, kitu kikubwa, kinachong'aa, chepesi. Hata hivyo uzito ulipendeza zaidi katika hadithi. Nilipofika bombani niliwaambia kwamba nimemnyanyua kwa mikono miwili na vidole bado vinaniuma. Nikavionyesha vidole. Walivitazama kwa heshima.

Sasa nimtaje Mama Saumu, kwa kuwa msiba huu ni wake. Alikuwa mamangu mdogo, mtoto wa mwisho wa Bibi, msichana wa maneno machache na mikono mizuri ya kupiga hina. Mwaka ule alichumbiwa na kijana wa ng'ambo ya feri, yaani mjini Mombasa, wa ukoo wa watu wa maduka ya vitambaa. Kijana mwenyewe alikuwa mpole. Hata walipokosana, ilibidi Saumu amkumbushe kwamba wamekosana. Tatizo lilikuwa wanawake wa kwao.

Baada ya nikaha kuna siku ya kupamba. Biharusi hukalishwa juu ya kiti kirefu mbele ya wanawake, amevishwa, amenyamaza, macho chini, na wanawake wa pande zote mbili huja kumtazama. Husema wamekuja kumtazama biharusi. Hutazama dhahabu. Huanzia kichwani, hushuka shingoni, huhamia mikononi, kisha hutazamana wao kwa wao, na katika kutazamana huko biharusi hujua atakaa vipi na wakwe zake miaka yote ya maisha yake. Saumu alijua hivyo. Kwetu kulikuwa na herini za Bibi, mkufu wa mamangu, na basi. Kuazima kungewezekana, ila wanawake wa mjini wanazijua bangili za watu kama wanavyowajua watoto wao. Wangesema, "Hizo si za Bi Fulani?" na ingekuwa aibu mara mbili.

Wiki tatu kabla ya harusi akaja Bi Rukia, shangazi yake bwana harusi, kuitazama nyumba. Alikuwa mwanamke mkubwa wa sauti ndogo. Aliketi, akala kaimati mbili, akausifu ukuta, kisha akauliza kama mtu anayeuliza saa:

"Na mwanetu, mwamvisha nini?"

Bibi alikuwa akimimina sharubati, akaendelea kumimina. Saumu alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba. Niliona vidole vyake vimeishika nguo. Hakuna aliyejibu. Kimya kile kilikuwa kirefu, na mimi sijawahi kuvumilia kimya.

"Atavaa dhahabu ya mfalme," nikasema.

Bi Rukia alinigeukia. "Ya mfalme gani, mwanangu?"

"Wa Waasante. Babu alipewa. Nungu mzima, hivi." Nikaonyesha kwa mikono, na mikono yangu ikafungua kitu cha ukubwa wa nazi.

"Yakhe! Nawe umemwona?"

"Nimemnyanyua! Mzito kama jiwe la kusagia. Vidole viliniuma siku mbili."

Bi Rukia akamtazama Bibi. Hapo Bibi angeweza kusema kwamba mtoto huyu ni mwongo, na asingekuwa wa kwanza kulisema. Alimaliza kumimina, akampa mgeni bilauri, akasema, "Watoto nao," kwa sauti ambayo mtu angeweza kuielewa vyovyote alivyotaka. Bi Rukia aliielewa kwa namna iliyompendeza. Kabla hajafika kwenye feri, habari ilikuwa imeshamtangulia.

Jioni ile Saumu alimwendea Bibi. Nilikuwepo, nikichambua mchele na kujifanya simo.

"Mama, tumpeleke kwa sonara. Atatoka kidani, bangili na herini, na kitabaki."

"Hapana."

"Mama, nitakaa vipi pale juu?"

"Utakaa kama nilivyokaa mimi."

"Wewe uliolewa na mtu wa hapa hapa! Mimi watanitazama kila siku."

"Saumu, kitu kile hakiingii motoni. Nimesema. Kitageuka mkaa."

"Dhahabu haigeuki mkaa, mama."

"Yenye mwenyewe hugeuka," alisema Bibi, na akaondoka kwenda kutawadha, ingawa wakati wa sala haukuwa umefika.

Saumu alikaa akitazama sakafu. Halafu akanitazama mimi. "Kweli ni mzito?"

Ningeweza kusema ukweli. Nimeshajiuliza mara kadhaa kwa nini sikusema, na jibu ni la kitoto: nilishawaambia watu wengi mno.

"Mzito," nikasema. "Wallahi."

Bibi alikuwa na hitima Mtongwe siku ya Jumatano, ya kutwa nzima. Ufunguo wa sanduku ulikuwa chini ya mkeka wa sala, mahali ambapo kila mtu ndani ya nyumba alipajua na kujifanya hapajui. Saumu alilifungua sanduku, akaingiza mkono, akamtoa nungu katika kanga yake, na uso wake ukabadilika.

"Mbona mwepesi?"

Naomba nikumbukwe kwamba nilikuwa na miaka tisa. "Leo Jumatano," nikamwambia. "Uzito wake hushuka Jumatano. Alhamisi ndiyo huwa mzito, kwa ajili ya ubani."

Alinitazama muda mrefu. Saumu hakuwa mjinga. Lakini mtu ambaye watu wa ng'ambo wanamngoja na dhahabu, na ambaye hana dhahabu, husikia maneno kwa masikio mengine. Alivaa buibui, akanishika mkono, tukaenda.

Sonara alikuwa na duka jembamba mjini, la mtu mmoja kuketi na wawili kusimama. Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu wangu. Saumu alimsalimia shikamoo, akafungua kanga juu ya meza. Mzee akamweka nungu kwenye kiganja. Akakishusha kiganja kidogo, akakipandisha, mara moja tu. Hakumpeleka hata kwenye mizani.

"Mwanangu, hiki kimetoka wapi?"

"Kwa Waasante," nikasema mimi. "Ni cha kilemba cha mfalme."

"Kazi nzuri," alisema. Alimgeuza, akamkwaruza chini ya tumbo kwa ncha ya kisu, akavaa miwani nyingine juu ya ile aliyokuwa nayo. "Kazi nzuri sana. Huyu ni mti."

Saumu akamtwaa, akampima mwenyewe kiganjani, akamrudisha kwa mzee.

"Ndani ni mti. Juu ni dhahabu, na dhahabu yenyewe ni ya kweli, sikudanganyi, lakini ni ngozi tu, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Imebandikwa na mtu ajuaye kazi yake. Ukitaka ushauri wangu, mrudishe sandukuni."

"Inatoka?" aliuliza Saumu.

"Ngozi?"

"Dhahabu. Inatoka?"

"Kwa moto hutoka. Mti ukiungua, ngozi hujikunja, nikaikusanya. Itakuwa kidogo, mwanangu. Itakuwa ya kusikitisha."

"Itoe," alisema Saumu.

Nilimvuta buibui. Nilitaka kumkumbusha neno la Bibi, na nilitaka pia kuona, na ile ya pili ilishinda, nikaacha kumvuta. Mzee alimtia nungu katika chungu kidogo cheusi, akakifunika, akakizika katika makaa, akapuliza kwa mrija. Mashavu yake yalijaa na kupungua. Duka likanuka kama jikoni mtu anaposahau kijiko cha mti kwenye moto. Kisha akafunua. Nungu alikuwa bado nungu, ana miiba na pua yake, lakini alikuwa mweusi tii, na dhahabu ilikuwa imemtoka kama ngozi ya mtu aliyebabuka na jua. Mzee aliiokota kipande kwa kipande kwa koleo dogo, akaiyeyusha peke yake. Ikawa tone moja, kama punje ya mtama.

"Hii yatosha kipini," alisema. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alikitengeneza hapo hapo, kipini cha pua, na hakutaka malipo. Alilikunja lile kaa katika karatasi, akampa Saumu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Kwenye feri Saumu alilia. Alisimama amegeukia ukingo wa chuma, buibui limefunika uso, na mabega yakitikisika bila sauti. Nikahesabu: amegeuka mkaa, moja. Aliyemtia amelia, mbili. Nilikuwa nimelisikia neno la Bibi kila Alhamisi tangu nipate akili, na sasa nililiona limetimia lote, halikubakiza hata kipande.

Bibi alikuwa ameshafika. Alikuwa ameketi barazani, sanduku liko wazi nyuma yake. Hakuuliza tulikuwa wapi wala nani aliyetoa wazo. Alimtazama Saumu usoni, akakiona kipini puani, akasema:

"Mkaa uko wapi? Njoo nao."

Saumu akampa. Bibi aliufungua, akaufunga katika ile kanga na karafuu zake, akaurudisha sandukuni, akageuza ufunguo. Kesho yake, baada ya alasiri, aliniita nilete chetezo, na akaupitisha mkaa ule juu ya moshi mara tatu kama kawaida.

Habari ilitoka, na sitasema ilitokea wapi. Mtaani hakuna aliyesikia habari ya mti. Walisikia kwamba Bi Mkubwa wa Timbwani alisema kitu kitageuka mkaa na kikageuka, mbele ya sonara, na shahidi yupo. Watu waliopita nyumbani kwetu walianza kusalimia kwa sauti ya chini. Mtu mmoja alileta mtoto mwenye degedege aombewe; Bibi akampa paracetamol na kumwambia ampeleke hospitali.

Siku ya kupamba ikafika. Saumu alikalishwa juu, amevishwa herini za Bibi, mkufu wa mamangu, na shingoni kikuba cha maua ya asumini kizito kuliko kidani chochote. Puani kipini. Macho chini, mikono yenye hina imelala magotini. Nilimtazama nikamkumbuka mfalme wa Waasante ambaye mkono wake lazima ushikiliwe. Wa Saumu haukuhitaji mtu. Aliushikilia mwenyewe.

Wanawake wa mjini wakaingia, Bi Rukia mbele. Macho yake yalianza safari: kichwani, shingoni, mikononi. Mikononi hayakupata kitu. Akavuta pumzi ya kusema. Chumba kizima kikasikia pumzi ile.

Bibi akaja na chetezo. Alikiweka mbele ya biharusi, akafungua kile kipande cha kanga, na mbele ya wote akautia mkaa wa nungu motoni, wote, na juu yake akaweka udi. Moshi ukapanda. Akalishika vazi la Saumu, akalitandaza juu ya moshi.

"Ndiye huyo?" aliuliza Bi Rukia. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Ndiye."

"Na dhahabu?"

Bibi alimwinua Saumu kidevu kwa kidole kimoja. "Iliyokubali kuvaliwa ndiyo hiyo," alisema.

Bi Rukia alikisogelea kipini. Alikitazama kwa karibu, kisha akarudi nyuma hatua moja, na wengine nao wakaja kutazama mmoja mmoja, wakirudi nyuma hatua moja. Nimehudhuria harusi nyingi tangu hapo. Nimeona kilo za dhahabu zikitazamwa kwa sekunde mbili na kusahauliwa. Punje ile ya mtama ilitazamwa mpaka pilau ikapoa. Saumu akakaa na wakwe zake miaka yote bila kuambiwa neno la kumuumiza. Walimwogopa kidogo, na kuogopwa kidogo kumemfaa. Kipini anacho mpaka leo.

Mimi niliishia darasa la saba. Nilipokuwa na miaka kumi na saba hivi, na Bibi ameanza kulala sana mchana, nilimuuliza kama alijua kwamba ni mti.

"Babu yako aliniahidi cherahani," alisema. "Miaka miwili. Kila barua, cherahani inakuja. Akaja na nungu."

"Kwa hiyo yule kijana wa mfalme, na uji?"

"Kijana gani? Alimnunua gatini, kwa mtu mwenye maneno. Uji niliutia mimi."

"Na Babu hakusema kitu?"

"Mara ya kwanza alinitazama. Ya pili akacheka. Ya tatu akaanza kuisimulia mwenyewe."

"Na hakujua ni mti?"

"Angejuaje? Mwanamume wa kwetu ameishika dhahabu lini akajua uzito wake? Alikuja naye amemfunga katika taulo, akaniwekea mkononi. Mkono wangu ukajua hapo hapo. Nikamtazama usoni, alikuwa angoja." Akakikunjua kiganja. "Nikamwambia, mzito!"

Kisha akalala.

Hivyo nilijua kwamba katazo la kumgusa lilikuwa la uzito, na katazo la moto lilikuwa la mti, na mwenyewe aliyekuwa akilindwa alikuwa Babu, mpishi wa meli, ambaye alikufa akiamini kwamba ameacha nyumbani mali. Neno Bibi alilomwambia Babu na neno nililomwambia Bi Rukia lilikuwa moja. La Bibi liliulinda mti ule miaka thelathini, langu likauchoma ndani ya wiki tatu. Ningependa kusema nilipata uchungu kwa kulijua hilo. Nakumbuka zaidi kwamba niliona fahari.

Leo kazi yangu ni kupamba maharusi, na Likoni nzima hakuna anayenifikia, waulize. Ninakodisha seti za kichwa, kifua na mikono: shaba ndani, maji ya dhahabu juu. Biharusi huniuliza, "Hawatajua?" Mimi humjibu, "Usimpe mtu ashike." Mwaka jana mwanangu, anayejua biashara yangu, alinionyesha kwenye simu sherehe ya wafalme wa Waasante. Wamekaa chini ya miavuli mikubwa, wamepambwa kama alivyosema Bibi, mkono wa mmoja umeshikiliwa na mtu. Mwanangu alinisomea maelezo. Yapo mapambo yaliyo dhahabu tupu. Na yapo mengi, ya kwenye vilemba, kwenye makubadhi, kwenye fimbo za wasemaji wao, ambayo ni mti uliochongwa na kuvikwa jani la dhahabu. Ndivyo yanavyotengenezwa tangu zamani. Hawafichi.

Nilimwomba airudishe picha ile. Kilemba kimoja kilikuwa na wanyama mbele. Sikuweza kuona kama mmoja wao ni nungu.

Kwa hiyo huenda yule mtu wa gatini Takoradi hakumdanganya Babu. Huenda kitu kile kiliwahi kukaa kwenye paji la uso la mtu mkubwa, na Bibi, ambaye mkono wake ulijua dhahabu, hakujua hilo. Au huenda kilichongwa wiki ile ile kwa ajili ya mpishi wa meli. Hakuna wa kumuuliza, na ushahidi wenyewe ulipanda juu kwa moshi siku ya harusi ya Mama Saumu.

Kila ninapoisimulia hadithi hii watu huniuliza moshi ule ulinukiaje. Nimewaambia ulinukia waridi. Nimewaambia ulinukia bahari, na uji wa mchele, na mwaka mmoja nilisema watu watatu walizimia. Wewe nitakuambia ilivyokuwa. Nilikuwa nimesimama karibu kuliko wote, mimi ndiye niliyekishika chetezo kisipinduke. Ulinukia udi tu, na chini ya udi, kidogo, mti unaoungua.